Mtani Anapokuamkia kwa Adabu

Ikwiriri, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Rehema,

Umelala, au unajifanya umelala kwa sababu umechoka kuulizwa kama umeweka hiki na kile. Sitauliza tena. Begi limefungwa, nauli unayo, mama yako mkubwa wa Mbagala atakupokea, na mambo ya kula na kulala mtapangiana wenyewe. Mimi nami nimechoka. Miguu imevimba tangu asubuhi, na wageni waliokuja kukuaga walikuwa wengi kuliko vikombe vyetu. Ningelala. Lakini kuna mmoja alikuja ukiwa kwa fundi cherehani, na kwa ajili yake nimewasha taa nikatafuta karatasi.

Mwajuma alikuja. Alipanda gari kutoka Kibiti, akaacha kuuza korosho zake stendi siku nzima. Alisimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Akakaa ukingoni mwa kiti. Akauliza habari za watu wa nyumba hii, mmoja mmoja. Kisha akanipa ule mfuko wa korosho, akasema, "Shangazi, mpe dada Rehema. Mwambie namtakia safari njema, Mungu amfungulie."

Nikamwambia, "Msubiri, anarudi sasa hivi."

"Hapana, shangazi. Nisimchoshe."

Dada Rehema! Mtoto wa kaka yangu, binamu yako, mtani wako tangu mkipigania mkeka mmoja. Hajakuita dada maisha yake yote. Alikuita Kichwa Ubuyu, alikuita Mdomo Redio. Mara ya mwisho alipokuja hapa, kabla ya mambo haya, alipitia jikoni, akafunua sufuria kabla hajasalimu, akapiga kelele, "Nyumba hii bado mnakula majani kama mbuzi?" Nawe ukamjibu kutoka chumbani kwamba mbuzi walau wanaoga. Nilicheka peke yangu uani.

Ulipoingia nikakueleza alivyokuja na alivyosema. Ukafungua mfuko, ukatafuna, ukasema, "Ah mama, amekua tu huyo. Ameacha utoto."

Hajakua, Rehema. Amekuacha. Nataka ulijue hilo kabla hujaondoka, kwa sababu mimi mtani wangu aliponiacha ilinichukua muda mrefu kuelewa, na nilipoelewa nilifanya yote isipokuwa lile moja lililotakiwa.

Najua utasema ni lile tangazo la korosho. Ndiyo, ni lile. Sitaki ulione kama kosa la kuandika, maana kwa kuandika lilikuwa zuri. Nimekuona ukijifunza kazi hii peke yako, umeegemea ukuta pale penye mtandao, unasoma jinsi wenzako wanavyouza viatu na mafuta ya nywele, unanakili maneno yaliyokushika, unajaribu yako. Ulianza na magrupu ya harusi, ukahamia ya vikoba, ukawa unawaandikia wenye maduka wa Kibiti wasiojua waseme nini chini ya picha. Hata mimi ulinifundisha. Nilitaka kutangaza mikeka yangu nikaandika, "Tunapenda kuwatangazia wateja wetu wote popote walipo kwamba tunayo mikeka mizuri ya ukindu ya aina mbalimbali."

Ukasoma ukaguna. "Mama, hii hotuba. Nani atafika mwisho?"

"Sasa niseme nini?"

"Sema nani amekalia mkeka huo."

Nilikasirika, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Halafu nikaandika kwamba mkeka wa namna hii ndio bibi harusi fulani alioukalia siku ya kutolewa, na mama yake bado anautandika Ijumaa. Mikeka yote ikaondoka. Sikukuambia kwamba nilikasirika kwa sababu jambo lile nililijua zamani, nikalisahau, na nilijifunza kwa tabu kubwa kuliko yako.

Wajua kwamba niliuza chakula Ndundu kabla ya daraja. Wajua kwa namna ya watoto, yaani umesikia mara nyingi hukusikiliza. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mtu binafsi aliruhusiwa kuleta bidhaa, kununua lori, kuanzisha basi, na kila kilichokuwa kikienda kusini kilisimama pale ukingoni kusubiri pantoni. Mvua ikinyesha magari yalipanga mstari hata huoni la mwisho. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na hakuna ofisi iliyonihitaji. Nikajenga banda la makuti, nikaanza kupika.

Banda la pili lilikuwa la Somoe. Unamfahamu kama yule mama wa Mbwara tunayekutana naye misibani. Somoe ni mtoto wa mjomba wangu, kwa hiyo kwangu alikuwa kama Mwajuma alivyo kwako. Alinizidi kupika. Nami nilimzidi kusoma, kwani yeye shule aliiacha kabla haijamkaa, akibebeshwa mdogo wake mgongoni.

Mimi kwa kuwa nimesoma, kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua ubao na chaki. Hakuna mama ntilie aliyekuwa na ubao pale. Nikaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: MGAHAWA BORA. HUDUMA SAFI NA YA KISASA. KARIBUNI NYOTE. Nikakaa kusubiri. Watu wakapita mbele ya herufi zangu wakaenda kula kwa Somoe, ambaye alikuwa amesimama barabarani na mwiko anapiga kelele.

Siku moja utingo wa lori, kijana wa Kimatumbi mwenye maneno, alisimama akausoma ule ubao wote, mdomo ukicheza. Nikamuuliza, "Mbona unasoma halafu huli?"

Akasema, "Mama, bora tunazipita kutoka Dar mpaka hapa. Kila banda bora. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Nikikaa hapa, nitamaliza kula kabla pantoni halijarudi, au tajiri wangu ataniacha na sahani mkononi?"

Nikafuta yote. Nikaandika: WALI UKO TAYARI. UTAMALIZA KABLA PANTONI HALIJARUDI. Siku ile nilipika mara mbili. Baadaye nikajifunza kuandika hata lisiloniuzia: LEO SAMAKI HAKUNA. Watu waliposoma hivyo wakaniamini siku niliyoandika kwamba samaki yupo. Yule utingo nikawa namwekea ukoko anaoupenda, naye akifika Kibiti anawaambia wenzake mahali pa kula. Akaleta mwenzake, mwenzake akaleta basi zima. Kazi hiyo leo unaifanya kwa kidole, lakini ni ileile. Kuna mtu amechoka, yuko njiani, ana neno moja moyoni. Ukiligusa hilo anasimama.

Ila kilichotuuzia zaidi hakikuwa ubao. Kilikuwa utani.

Somoe akiona basi limesimama anaanza. "Enyi wasafiri, msile kwa huyo mwenye cheti! Wali wake kausoma kitabuni!"

Nami namjibu, "Nendeni kwake, nendeni! Ila bebeni meno ya akiba, kule hamli mchele, mnatafuna kokoto za Mto Rufiji!"

"Mwenzenu huyo anapika na rula mkononi!"

"Na huyo anaonja kwa mkono mzima!"

Watu walishuka kwenye magari kuja kusikiliza. Madereva walichochea. Wengine walinunua wali kwangu na mchuzi kwake ili waje kutoa hukumu, na hukumu haikutolewa kamwe, maana tulimtukana pia hakimu. Jioni tunakaa pamoja tunakula makoko ya masufuria yetu mawili, tumechoka, hatuna hata sauti. Sijawahi kuwa na rafiki mwingine wa namna ile. Nilidhani ni biashara na nilidhani ni mchezo. Sikujua kwamba ndiyo ilikuwa mali yenyewe.

Basi siku moja sauti ilinikauka. Mafua, na moshi wa kuni mbichi. Somoe anatukana, nami siwezi kujibu. Nikachukua chaki nikaandika: WALI WA HAPA HAUNA KOKOTO. WA JIRANI, MUULIZE MENO YAKO.

Somoe akamwita utingo. "Hebu nisomee, huyu mwehu kaandika nini?" Akasomewa. Alicheka mpaka akakaa chini. "Leo umenipata! Ngoja upone!"

Nikapona. Lakini ubao sikuufuta, kwa sababu ulikuwa unafanya kazi. Na hapa nisikilize, maana hata leo nikipika mchele peke yangu nalirudia jambo hili. Waliokuwa wakisikia utani wetu walituona wote wawili, walisikia sauti zetu, walijua tunacheza. Waliosoma ubao hawakuona kitu. Walishuka wageni, wakasoma kwamba wali wa jirani una mawe, wakaamini, wakaja kwangu. Somoe alikuwa amekwenda kuteka maji, au kuchanja kuni, au amesimama palepale na mwiko, ilikuwa sawasawa. Ubao ulikuwa unamtukana hata akiwa msalani. Masufuria yake yakaanza kurudi nyumbani yamejaa.

Alikuja jioni. Hakutania. Akasema, "Binamu, futa."

Nikacheka. "Wewe si ulicheka mwenyewe? Si utani tu?"

"Utani nakujibu. Huo ubao nitaujibu na nini?"

Nikasema, "Na wewe andika wako."

Nilimwambia hivyo mtu niliyejua kwamba hajui kuandika. Sikukusudia. Nilikuwa nimechoka, natazama sufuria, neno likatoka kama linavyotoka kwa watani. Kisha akasema, "Haya, dada." Akaokota mwiko wake akaenda.

Wajua nina desturi ya kuandika shajara, kila siku na tarehe yake, na mmezoea kunicheka kwa hilo. Nimeitazama ya siku ile. Imeandikwa: "Mauzo mazuri. Ubao unaleta wageni. Kesho kununua chaki." Basi. Mtu mwenye akili, aliyesoma, anaandika kila siku, na siku aliyompoteza mwenzake ameandika chaki.

Asubuhi yake alihamisha banda kwenda upande wa pili wa mto. Nilisikitika, nikafuta. Nikaandika badala yake: WALI WA SOMOE NG'AMBO NI MTAMU KULIKO WANGU. Nikadhani nimetengeneza. Watu wakasoma wakacheka sana, wakafika ng'ambo wakamwuliza, "Ni wewe huyo anayechekwa kule?" Maneno yaliyokwisha kutoka kwa njia ile hayarudi kwa njia ileile, Rehema. Kila ukiyafuata na mengine yanaongezeka.

Nikamtuma mtu akamsemeshe. Nikamtuma mwingine. Pantoni lilikuwa linavuka kila siku mbele ya macho yangu, na mimi nikatuma watu. Kwa sababu nilikuwa na wateja, kisha kwa sababu nilikuwa na mimba ya kaka yako, kisha kwa sababu ya mvua. Kisha daraja likafunguliwa, magari yakaacha kusimama, mabanda yetu yote yakafa, yeye akaenda Mbwara kulima na mimi nikarudi huku. Sababu zilikwisha, lakini kwa wakati huo nilikuwa nimezoea kutokwenda.

Alipofariki bibi yako, Somoe alikuja. Wewe ulikuwa mdogo. Nilimwona anaingia uani, nikasema sasa ataanza. Maana mtani ndiye anayeruhusiwa msibani kulia kilio cha uongo, kumsema marehemu kwa ubahili wake, kuwachekesha waliofiwa mpaka wapumue. Mimi nilikuwa nimebanwa kifuani tangu alfajiri, naungoja utani wake kama maji. Somoe akaja akapiga magoti mbele yangu, akasema, "Shikamoo dada. Pole kwa msiba. Kazi ya Mungu haina makosa." Akaenda kuosha mchele pamoja na wanawake. Alifanya kazi kuliko wote. Hakusema hata neno moja baya.

Wanawake walimsifu kwa adabu yake. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, ndipo nikalia.

Tangu hapo ndivyo ilivyo. Tunasalimiana vizuri sana.

Sasa rudi kwenye lako. Mwenye duka alikuomba maneno ya korosho zake za pakiti, nawe ukachukua ile picha ya Mwajuma amejinyoosha kwenye dirisha la basi, kinywa wazi, ukaandika: "Bado unanunua za dirishani? Zimekaangwa jana, zimeota jua leo, na Mwajuma ameshazihesabu kwa mkono mara tatu." Mwajuma mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Ulinionyesha alivyokujibu kwenye simu, vicheko na matusi yenu ya siku zote. Nami nilicheka. Halafu likatoka kwenye grupu lenu likaingia mengine, likafika kwa watu wasiomjua Mwajuma wala wewe, likafika kwa yule bwana wa Dar akakupigia simu. "Maneno haya yana moto, binti. Mimi nataka mtu wa namna hii." Na kazi ukapata.

Mimi niliyajua yaliyofuata kabla Mwajuma hajaniambia, lakini leo nilimwuliza alipokuwa anaondoka. Nilimshika mkono pale nje. Nikamwambia, "Mwajuma, mwanangu, ni lile jambo la simu?"

Akatazama chini. "Shangazi, Rehema hana neno. Ila abiria wananiuliza, wewe ndiye yule wa korosho za jana? Wanacheka, wanafunga kioo. Yeye ningemjibu. Basi zima nitalijibu vipi, na yeye hayupo?"

Somoe hajawahi kukutana naye wakazungumza jambo hili. Ni maneno yaleyale kwa sababu ni kidonda kilekile.

Sikulaumu kwa kupata kazi. Nimefurahi, ingawa nimechoka hata kufurahi hakuonekani vizuri. Na sitakuambia usimwandikie tena mtu maneno yenye pilipili. Utaandika, ndiyo kazi yenyewe, na watakulipa kwa hilo. Bwana yule atakuambia kwamba watu wanapenda. Ni kweli wanapenda. Mimi nakuomba tu, kabla hujaliachia neno, umtafute anayesemwa ndani yake na ujiulize amesimama wapi, na ana nini mkononi cha kukujibia. Wakati mwingine utaliachia hata hivyo. Basi ujue umefanya nini.

Nimeona kwamba umelifuta. Asante. Lakini umefuta kwako tu, kwa wengine linazunguka bado. Na najua sasa unafikiria kumwandikia ujumbe mzuri wa kuomba radhi ukiwa kwenye basi, kwa sababu unajua kuandika na ungeuandika vizuri mno. Usimwandikie. Usimtume mama yako mkubwa. Usinitume mimi.

Basi la asubuhi linasimama Kibiti kupakia. Mwajuma atakuwa pale chini na beseni lake, na akikuona dirishani atakupita aende dirisha la pili. Shuka. Usiongee naye kutoka juu dirishani, shuka kabisa, ukasimame mahali wanaposimama wao, mbele ya wenzake na mautingo. Atakuambia, "Safari njema, dada." Usikubali. Mwambie hujaja kwa safari njema, umekuja ajibu. Kisha nyamaza. Hilo litakuwa gumu kwako kuliko lote, kunyamaza, maana maneno yatakujaa mdomoni na yatakuwa mazuri. Yameze. Akikuita Kichwa Ubuyu mbele ya basi zima, akikusema ulivyokuwa ukikojoa kitandani ulipokuwa mdogo, akiwaambia abiria kwamba huyu ndiye aliyeandika na hata kukaanga yai hajui, simama pale. Dereva akipiga honi, simama kidogo tena.

Na kama hatasema kitu, usimlazimishe. Panda basi, uende. Lakini uwe umeshuka. Utarudi Idi, na utashuka tena.

Wajua haki ya mtani: akikukamata na kitu chako anaweza kukichukua, nawe huna kesi. Usiku huu nimefungua begi lako, nisamehe. Kile kitenge kipya ulichokunja chini kabisa kisichafuke, nimekitoa nikakufungia nacho mzigo wa mkononi, fundo legevu, ukingo wake uko nje. Ukishuka, shuka nacho. Akikitia mkono, usivute.

Mimi keshokutwa nitakwenda Mbwara kwa Somoe. Sijui nitasema nini.

Mama yako